Taulo la Upande wa Pili

Mdomo wangu ndio ulioniponza. Mtu akikuuliza Nusra wa Edmonton, hapa London, amefikaje kuingia majini akiwa na miaka hamsini na nne, mwambie hivyo tu: mdomo.

Tarehe mosi Januari kwetu si sikukuu. Mume wangu, Abdulsamad, kila mwaka husema, "Huo mwaka wao, sisi tuna wetu." Lakini siku hiyo ghala analofanyia kazi hufungwa, na mimi huomba nisipangiwe zamu kwenye nyumba ya wazee ninayohudumia. Basi hupika pilau, nikakata kachumbari, tukakaa. Na kabla mtu hajatia mkono kwenye sinia, lazima ataje nia yake ya mwaka. Abdulsamad ndiye aliyeanzisha mchezo huo, zamani, alipotaka binti yetu wa pekee, Miska, ajifunze kusema mbele za watu. Sasa Miska ni nesi kamili, na kusema anasema mpaka umwombe anyamaze.

Mwaka huu alianza yeye. Amepata kazi hospitali Manchester, anaondoka mwisho wa Februari, na nia yake ni kuishi peke yake bila kunipigia simu kuniuliza maji ya wali. Nikacheka kwa meno. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kulia tangu barua ya kazi ilipofika. Baba yake akasema atapunguza sukari kwenye chai. Ikaja zamu yangu.

"Kusali kwa wakati," nikasema, "na kupunguza ukali."

Miska akanitazama. Huyu mtoto Kiswahili anakisikia chote, mpaka umbea nikinong'ona kwenye simu, lakini kujibu anajibu kwa Kiingereza. Akaniambia kwa hicho Kiingereza chake kwamba nia hiyo naitaja tangu yeye yuko chekechea, na ukali haujapungua hata kidogo. Nitaje kitu cha kweli.

Abdulsamad akaangua kicheko mpaka miwani ikamtoka. Hapo hasira zikanipanda.

"Haya! Nitaogelea! Kabla hujaondoka nitavuka bwawa, kutoka ukuta huu mpaka ukuta ule. Umeridhika?"

Abdulsamad akairudisha miwani, akasema taratibu, "Nusra, wewe hata mvua unaikimbia."

Sasa nieleze. Kazini wanajua natoka Pemba, kwa hiyo wanadhani nilizaliwa na mapezi. Kumbe mimi bahari naijua kwa kuitazama tu. Bibi yangu ndiye aliyenilea, kule Wete, na kila nilicho nacho kizuri kimetoka kwake: kusalimia watu, kupika, kutokula kabla mgeni hajala, kusimama wima nikiwa na haki. Ila maji alinikataza. Mwanawe wa kiume alichukuliwa na bahari kabla mimi sijazaliwa, na tangu hapo hakuna mtoto wa kike nyumbani mwake aliyeruhusiwa kuingia maji yanayopita magoti. Simlaumu hata chembe. Alikuwa ananipenda, na aliogopa.

Lakini nilipomzaa Miska hapa London, nikasema woga huu mwisho wake ni mimi. Alipofika miaka mitano nikaanza kumpeleka bwawani kila Jumamosi, kwa basi, iwe baridi isiwe. Mwalimu wake alikuwa kijana mpole, anamwita kwa Kiingereza, "Njoo, njoo," na mtoto kaganda pale ukutani analia. Mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki upande wa pili, nina taulo la manjano mapajani. Sijui kuogelea, ningempa ushauri gani? Nikapiga ukelele wa yale niliyokuwa nayo:

"Usitazame chini! Nitazame mimi! Nipo hapa, siendi popote!"

Kina mama wengine walikuwa wakigeuka kunitazama. Na wageuke. Mwanangu alivuka, akatoka, nikamfunika taulo langu gubigubi, tukarudi nyumbani kunywa chai. Mwaka mzima hivyo, mpaka akawa anaogelea bila kufikiri. Nami siku zote nilimshukuru yule mwalimu kwa kazi yake.

Basi Januari hiyo nikajiandikisha saa ya wanawake, Jumapili asubuhi. Nikanunua nguo ya kuogelea ya stara, inayofunika kuanzia kichwani mpaka vifundoni, nikajitazama kwenye kioo na kuomba dua. Mwalimu wangu aliitwa Poonam, mama wa Kihindi anayekaa Kingsbury, nywele zimeshaota mvi. Aliponiona natia mguu mmoja majini huku nikisema "Yarabi toba," akacheka.

"Dada, kumbe ni wa nyumbani!" akasema. "Mimi mzaliwa wa Mombasa. Nani alikudanganya maji yanauma?"

Jamani, furaha niliyoipata! Kuogopa kwa Kiswahili ni nafuu kubwa. Lakini kuogopa ni kuogopa. Maji yaliponifika kifuani nikageuka kutaka kutoka. Poonam akanifundisha kupuliza mapovu, kuelea kwa ubao wa plastiki, kupiga miguu nikiwa nimeshika chuma cha ukutani. Yote hayo niliyaweza. Kilichonishinda ni kuachia ukuta. Ananiambia, "Achia mkono mmoja, dada," naachia. "Na wa pili." Hapo wa kwanza unarudi wenyewe. Vibibi vizee vinapita mgongoni mwangu vinaogelea huku vinapiga soga, na mimi nimeng'ang'ania chuma kama mtu aliyetumwa kukilinda.

Nyumbani wakiniuliza, "Vipi?" najibu, "Naendelea." Miska akitaka kuja namfukuza: kaa ufunge mabegi yako. Sikutaka anione. Wala haikuwa aibu ya kushindwa tu. Nilitaka mwanangu aondoke akijua mama yake si mtu wa kubembelezwa, kwamba akiniacha nitabaki salama. Na mimi mwenyewe sikuwa na hakika.

Ikafika Jumapili ya mwisho. Miska anaondoka keshokutwa yake. Nimefika mlangoni, namkuta kavaa koti, kashika mfuko.

"Unakwenda wapi?"

Akanijibu kwamba anakwenda bwawani, na kwamba nikitaka kugombana tugombane ndani ya basi.

Tukapanda basi mpaka tukafika.

Nilipotoka chumba cha kubadilishia nguo, nilimtafuta kwa macho nisimwone. Nikaingia majini, nikafika kwenye chuma changu. Poonam yupo karibu yangu, maji mabegani. "Leo," akasema. Nikamwambia, "Leo," na vidole haviachii. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Wapi! Nikajaribu tena. Machozi yakaanza kunitoka kwa hasira, nikasema, "Poonam, basi, mimi nimeshindwa. Niitie mwanangu twende zetu."

Hapo ndipo niliposikia sauti upande wa pili.

"Wewe! Usitazame chini!"

Nikainua kichwa. Miska amekaa kwenye kiti cha plastiki, na mapajani ana lile taulo la manjano, limechakaa, pembe moja imeraruka. Nilidhani nimeshalitupa zamani. Saa ya wanawake nzima imegeuka kumtazama, na yeye hajali.

"Nitazame mimi!" akapiga ukelele, Kiswahili kitupu, na ukali wangu ndani yake, kila neno. "Nipo hapa! Siendi popote!"

Wallahi sijui niliachia saa ngapi. Najua tu kwamba mikono yangu yote miwili ilikuwa mbele yangu. Sisemi niliogelea, nilipigana. Nilikunywa maji ya dawa yakanipanda puani, nikazama, nikaibuka, nikazama tena, nikasikia Poonam anasema, "Miguu, dada, miguu!" Kila nikiibuka naona manjano. Nikayafuata. Mara mkono ukagonga kitu kigumu, nami nikakikumbatia, nikajua ni ukuta ule.

Poonam alipiga makofi. Vile vibibi navyo vikapiga makofi. Miska alinivuta juu, akanifunika taulo kuanzia kichwani, akanisugua mgongo kwa nguvu kama nilivyokuwa nikimsugua yeye. Nilikuwa nalia waziwazi.

"Una mwalimu mzuri," akaniambia, amerudi kwenye Kiingereza chake.

"Hata wewe ulikuwa na mwalimu mzuri," nikasema, meno yanagongana.

Akasema hakumbuki hata jina la yule kijana. Wala hakuwa akimsikiliza. Alikuwa analifuata taulo.

Nikamkumbatia pale pale na maji yangu yote. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, nikamshukuru bibi yangu kaburini aliyenifundisha kukaa na mtu mpaka amalize, nikamshukuru Poonam mpaka akasema, "Basi dada, nenda ukavae, utashikwa na homa." Alhamdulillahi, mara elfu.

Jumanne tulimsindikiza kituo cha Euston. Abdulsamad alijifanya anatazama ubao wa treni, kumbe anafuta macho. Mimi nilikuwa nimelifua lile taulo, nimelikunja, nimelitia ndani kabisa ya begi la Miska, chini ya masweta, ili ugenini awe na kitu cha kwetu. Alipopita kwenye geti nikashindwa kujizuia. "Nipo hapa!" nikapiga ukelele, watu wote wakageuka. "Siendi popote!" Akageuka naye, anacheka na kulia kwa pamoja, akapunga mkono mpaka watu wakamziba.

Tuliporudi nyumbani niliingia chumbani kuvua baibui. Taulo la manjano lilikuwa juu ya mto wangu, limekunjwa vizuri. Nikampigia simu hapo hapo, treni haijafika hata nusu ya njia.

"Wewe mtoto, mbona umeliacha?"

"Jumapili una bwawa, Mama," akasema. Kwa Kiswahili.

"Na nani atalishika? Baba yako haruhusiwi, ni saa ya wanawake!"

Alicheka tu.

Jumapili nilikwenda. Nililitandaza taulo juu ya kile kiti cha plastiki, nikazunguka bwawa mpaka upande wangu, nikaingia majini, nikaachia ukuta na kulifuata.