Eliasi Hushuka Jumamosi

Ilipotimu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Evarista alikuwa ameshasukumia makochi ukutani, ametandika mikeka, amefunika chapati kwenye hotpoti, na amepanga chupa mbili za chai, moja ya maziwa na moja ya rangi. Ilikuwa zamu yake kupokea jumuiya. Kisha akainua macho kutazama dari lake kwa mara nyingine. Lilikuwa dari jipya la jipsamu, jeupe, lenye ua kubwa katikati na taa za kujificha zinazobadilika rangi. Hakulijenga kwa ajili ya jumuiya, ila pia hakulijenga ili litazamwe na mbu.

Jumuiya ilikuwa na watu kumi na kitu, karibu wote wenye maduka Kariakoo, na ndiyo maana walisali mapema hivyo. Saa mbili kila mtu alitakiwa awe ameshafungua duka. Marcelino, katibu, aliuza mabomba na koki. Ritha aliuza khanga, na ndiye aliyeanzisha nyimbo, siku zote juu mno, wenzake wakamfuata hadi pale pumzi zilipowaishia. Evarista mwenyewe aliuza mapazia kwa jumla na alikuwa mwenyekiti kwa kipindi cha pili. Kipindi cha tatu nacho alikuwa anakitamani, ingawa mdomoni alisema amechoka.

Somo la siku hiyo lilikuwa kutoka Marko, la mtu aliyepooza ambaye wenzake wanne walitoboa paa wakamshusha ndani. Marcelino alisoma. Wakainamisha vichwa na kuingia kwenye hatua ya ukimya, ambayo katika jumuiya hiyo huheshimiwa sana, kwa sababu ndiyo pekee isiyohitaji mtu kujiandaa.

Wakiwa kimya, ua la jipsamu lilianza kumwaga vumbi. Ritha akafunika kikombe chake kwa kiganja. Ua likang'oka, zege likafuata vipande vipande, na darini pakabaki tundu la mraba lililonyooka kama limepimwa na fundi. Kutoka tunduni likashuka godoro lililofungwa kamba pembe zote nne, na mikono minane ikililegeza taratibu kutoka juu. Marcelino alisogeza chupa za chai. Godoro likatua katikati ya mikeka, na juu yake alikuwa amelala Eliasi, jirani wa ghorofa ya juu, amejifunika shuka la bluu.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema Eliasi.

"Milele na milele, amina," waliitikia.

Hakuna aliyeongeza neno, kwa kuwa bado walikuwa kwenye hatua ya ukimya. Evarista alitazama tundu na moyo ukamuuma, maana fundi aliyemjengea dari alikuwa ameshahamia Dodoma.

Eliasi walimfahamu vizuri. Mwaka uliopita alikuwa mwanajumuiya kama wao, na aliuza mabegi ya shule pale kwenye kona, chini ya jengo hilohilo. Siku ya maandalizi ya sikukuu ya mtakatifu somo wa jumuiya alipanda ngazi ukumbini kufunga vitambaa vya mapambo. Vitambaa vilitoka dukani kwa Evarista. Evarista alisimama chini, mikono kiunoni, akisema, "Juu kidogo, kaka Eliasi. Juu kidogo tena." Eliasi akapandisha kidogo tena, kisha akaanguka, na tangu hapo miguu yake haikumtii.

Jumuiya haikuwahi kukataa kwenda kumwona. Ilisema tu kwamba itapanga siku. Na ilikuwa jumuiya hodari kwa kupanga: ilikuwa imepanga hija ya Bagamoyo, sare mbili za vitenge na chakula cha kumuaga paroko. Siku ya Eliasi ndiyo ilikuwa haijapatikana.

Ikafika hatua ya kila mtu kutamka neno lililomgusa katika somo.

"Paa," alisema Ritha.

"Wanne," alisema Marcelino.

"Imani," alisema Evarista, ambaye alilisema neno hilo kila Jumamosi hata wasome nini.

"Dirisha," alisema Eliasi.

Wakatazamana. Evarista alikohoa kiuenyekiti. "Kaka Eliasi, kwenye somo la leo hakuna dirisha."

"Najua," alisema Eliasi. "Ila ndilo lililonigusa."

Akaeleza. Kitanda chake kilikuwa kimegeuzwa vibaya siku alipotoka hospitali, na tangu siku hiyo alitazama ubavu wa kabati. Dirisha lilikuwa nyuma ya kichwa chake. Candida, mkewe, asingeweza kukigeuza peke yake, kwani kilikuwa kitanda cha mninga, cha kubebwa na watu wanne. Alitaka kigeuzwe kabla ya Januari. Shule zikifunguliwa, alitaka kuwaona wazazi wakigombania mabegi pale kwenye kona, maana kwa muuza mabegi Januari ndiyo Krismasi yenyewe.

"Si umwambie shemeji aite wabeba mizigo?" alisema Marcelino. "Wamejaa hapo chini."

"Marcelino, friji lako lilipohama kutoka Ilala, nani alilibeba?"

"Wewe."

"Ritha, kitanda cha mama yako?"

Ritha alichungulia ndani ya kikombe.

"Basi mimi sitaki kibarua," alisema Eliasi. "Nawataka ninyi."

Waliguswa. Mtu mmoja alipenga kamasi. Evarista, kwa niaba ya wote, akasema, "Tutapanga siku." Wakafunga kwa sala, mikono minane ikavuta kamba, na Eliasi akapanda juu na chapati mbili kifuani.

Siku hiyohiyo alikuja mzee Uledi, msimamizi wa jengo, aliyekuwa na jengo hilo tangu enzi lilipokuwa bado na rangi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Mzee Uledi aliinua kichwa, akalitazama tundu kwa muda. "Mkataba unakataza kupigilia misumari ukutani. Zege haukulitaja."

"Ndiyo, mzee."

"Lakini mama, ngazi zina kasoro gani? Leo asubuhi nimezideki."

"Hazina kasoro."

"Sasa mbona watu wanapitia darini?"

Evarista alimjibu kwamba hayo ni mambo ya kanisa. Mzee Uledi alikuwa Mwislamu wa Kilwa, mtu mwenye adabu zake, na mambo ya kanisa hakuyaingilia. Alichukua ndoo yake akaenda zake.

Jumamosi iliyofuata zamu ilikuwa ya Ritha, Ilala. Walisali vizuri, ila Evarista aliporudi alikuta alama ya godoro kwenye zulia na hotpoti wazi. Eliasi alikuwa ameshuka, hakukuta mtu, akasubiri, akala kiporo, akapandishwa. Jambo hilo liliwasikitisha wote, na kwa kauli moja wakakubaliana kwamba kuanzia hapo jumuiya isali kwa Evarista tu, kwa ajili ya mgonjwa. Evarista alisema ni mzigo mzito lakini ataubeba. Nauli ya Ilala ikawa imeokolewa, na kipindi cha tatu kikaanza kunukia.

Wengine walidhani ni somo ndilo lililomleta, kwa hiyo Marcelino alipendekeza wasome barua za Paulo, ambazo kwa kumbukumbu zake hazina mapaa. Eliasi akashuka vilevile. Walisoma habari za mpanzi, za ndoa ya Kana, za jinsi ya kumchagua askofu. Kila mara alisikiliza kwa makini, na ilipofika zamu yake alisema, "Dirisha."

"Asante," alisema Evarista. "Mwingine?"

Wale wanne wa juu hakuna aliyewafahamu. Candida aliulizwa siku moja sokoni, akasema ni vijana wastaarabu, wanapanda kwa ngazi kama watu wengine, wanapiga hodi, wanavua viatu, wanakunywa maji.

"Sasa si wakigeuze kitanda?" aliuliza Evarista, ambaye majirani humwita Mama Benedict, kwa matumaini makubwa.

"Niliwaomba, Mama Benedict. Wakasema wao ni wa dari tu."

Evarista alishona pazia la lile tundu, zito, la rangi ya maziwa, lenye marinda pembeni, lisije likapitisha vumbi siku za kawaida. Lilitoka zuri kiasi kwamba wageni walidhani ni mtindo mpya, na wateja wawili wakauliza kama anauza. Jumamosi alilikusanya kwa utepe. Chapati zilipanda na godoro, sabuni na sukari za mgonjwa zilipanda na godoro, na hata maji ya baraka yalipanda ndani ya chupa ya soda. Kwa jinsi huduma ilivyokuwa imerahisika, suala la kupanga siku lilianza kuonekana kama limepitwa na wakati.

Mwezi wa kumi na moja, parokiani, kila jumuiya iliulizwa imehudumia wagonjwa wangapi. Nyingine zilitaja watatu, nyingine watano kwa mwaka mzima. Marcelino alisimama akasema, "Mmoja, kila Jumamosi, bila kukosa." Ukumbi ulipiga makofi. Jumuiya ikapewa saa ya ukutani, nao wakaitundika sebuleni kwa Evarista, mahali ambapo hata wale wanne wangeweza kuichungulia na kujua muda wa kuvuta.

Ikaja Desemba, na Wachaga wakapanda kwao Kilimanjaro kama desturi, na magari yao na mbuzi wao wa kununuliwa njiani. Jumuiya karibu yote ikaondoka. Evarista alibaki, kwa sababu Krismasi ndiyo watu hubadilisha mapazia. Jumamosi ya mwisho ya mwaka alikaa peke yake kwenye mkeka, na saa moja kasoro godoro likashuka.

Walisali wawili. Evarista alisoma, wakanyamaza, akasema "Imani," na Eliasi akasema "Dirisha." Evarista alifungua mdomo aseme "Mwingine?" ila hakukuwa na mwingine. Saa ya parokia iligonga-gonga ukutani.

"Evarista," alisema Eliasi. Siku zote alimwita mwenyekiti. "Wewe ndiye wa karibu kuliko wote. Ni ngazi za ghorofa moja. Kwa nini hupandi?"

Evarista aliona haya, haya ya kweli, ile inayochoma masikio. "Naogopa kukuona ulipolala," alisema. "Hapa unakuja kama mgeni. Kule juu, wewe ndiye uliyepandisha kitambaa, na mimi ndiye niliyesema juu kidogo."

"Mimi nilishakisahau hicho kitambaa," alisema Eliasi. "Nimechoka na kabati."

Basi Evarista akasimama. Alijifunga khanga kiunoni vizuri, akamwacha Eliasi hapo chini, akatoka, akaanza kupanda. Alikuwa amekusudia. Alipanga kwamba yeye na Candida wangeanza upande wa miguuni, kidogo kidogo, na kama kingegoma angemwita mzee Uledi. Ngazi zilikuwa safi kweli, zimedekiwa. Alipofika kwenye kona ya katikati akasikia mlango wa juu ukifunguliwa, na Candida akatokea na kikapu, anaenda sokoni. Alikuwa amekonda. Evarista hakuwa amejua kwamba amekonda kiasi hicho, kwa kuwa sokoni watu huonana wakiwa na haraka.

Uso wa Candida ukachanua. "Mama Benedict! Unakuja kwetu?"

Evarista alimtazama, akautazama ule mlango ulioachwa wazi nyuma yake, na ndani kwa mbali akauona ubavu wa kabati.

"Hapana," alisema. "Nilikuwa naangalia kama na huku juu maji yamekatika."

"Yanatoka," alisema Candida.

"Haya, afadhali," alisema Evarista, akashuka.

Alimkuta Eliasi amegeuza shingo kuelekea dirisha la sebuleni, lililofunikwa kwa mapazia ya sampuli, matabaka matatu. Evarista alisimama karibu na dirisha, mkono ukishika kitambaa, na machozi yakimlenga.

"Nikufungulie pazia, kaka Eliasi?"

"Hilo ni dirisha lako," alisema Eliasi kwa upole, akatikisa kamba. Mikono minane ikamvuta.

Januari watu walirudi na ndizi na nguvu mpya, na Jumamosi ya kwanza sebule ilijaa, Eliasi akiwa ameshashuka. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Chini kwenye kona, kelele za wazazi na wauza mabegi zilianza mapema kuliko sala, zikapita kwenye mapazia matatu kana kwamba hayapo. Marcelino alisema amefikiria sana akiwa nyumbani, na ameona kwamba wakati mzuri wa kugeuza kitanda ni pale Eliasi anapokuwa ameshuka, maana kitakuwa chepesi. Wote walilisifu wazo hilo. Ritha alisema ni Roho Mtakatifu. Wakatazama saa, ikawa saa moja na nusu, na wateja wa jumla kutoka Zambia walikuwa wameshafika mjini.

Wakafanya haraka hatua zilizobaki.

"Shamba," alisema Ritha.

"Mavuno," alisema Marcelino.

Evarista alitazama mkeka. "Imani," alisema.

Eliasi alikuwa amefumba macho, kichwa amekielekeza kwenye kelele za kona. Midomo yake ilikuwa inacheza, na waliokaa karibu walimsikia anataja saizi za mabegi: dogo, la kati, kubwa, lenye magurudumu. Wakamsubiri kwa heshima.

"Dirisha," alisema hatimaye.

"Asante, kaka Eliasi," alisema Evarista. "Mwingine?"