Koti Juu ya Televisheni

Mimi ni Sifael, mwana wa Elinazi, mwana wa Kajiru. Kajiru ndiye aliyewaongoza watu wa Myamba kuchimba ndiva, bwawa linalokusanya maji ya mlimani usiku ili yamwagilie mashamba mchana. Elinazi aliyagawa maji hayo kwa zamu maisha yake yote, na hakuna mjane aliyelala akilia kwa ajili yake. Katika ukoo wetu hapajapata kuwa na mwizi wa maji.

Ndiyo maana sikumsamehe Sylvester, jirani yetu, alipomwita mjukuu wangu Eliufoo mwizi.

Kiangazi kile mtu alikuwa akifungua lango la ndiva kwa siri. Sylvester akaitoa uani televisheni kuukuu ya kichogo, akaiwasha, akatangaza kwamba picha hupinda mbele ya mwongo. Kila aliyeshukiwa aliweka kiganja juu yake, na Sylvester, koti mwilini, akamshika kifundo cha mkono. Wengine aliwashika kwa mkono wa kulia, na picha ikatulia. Eliufoo alimshika kwa wa kushoto. Picha ikavutika upande, rangi zikachafuka.

"Mzee Sifael," akaniambia mbele ya watu, "damu ya Kajiru imechuja."

Tukanyimwa zamu. Tangawizi yetu ikakauka ardhini, ya Sylvester ikanawiri. Eliufoo akaacha hata kuimba kwaya.

Lakini mimi nilisomeshwa na mwalimu aliyetuchapa viboko kwa jibu la nusu. Alitufundisha kwamba ndani ya kichogo kile hutoka elektroni, vijipande vyenye chaji hasi. Uga wa umeme huzisukuma mbele hadi kwenye kioo. Zikipita penye uga wa sumaku, husukumwa ubavuni. Mbio zake hazizidi wala hazipungui, ila njia yake hupinda. Kwa hiyo nilijua kilichokuwamo katika mkono wa kushoto wa koti lile.

Nani angemsikia babu wa mwizi? Kila asubuhi nilimwitikia Sylvester shikamoo yake, nikatembea naye bega kwa bega hadi njia panda, nikiungojea msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji.

Pembe ilipopulizwa, kijiji kizima kikatoka kuzoa matope ya ndiva. Hakuna ashukaye humo na koti. Ni kuwadharau walioichimba, na mkaidi hutozwa mbuzi. Sylvester alikuja nalo kwa kuwa baada ya kazi alikusudia kupima familia nyingine, na televisheni ilikuwa tayari uani kwake, hatua chache kutoka bwawani. Mwenye kuita majina ni mkubwa kwa umri, yaani mimi. Nikamwita wa kwanza.

"Vua koti, mwanangu, ushuke."

Akasema ana homa. Nikamwambia mbuzi wake watafaa kwa mchuzi. Watu wakamcheka, akavua, akalitundika kwenye mpera, akashuka.

Matope yalipomfika kiunoni, nikalitwaa koti, nikawaita watu, nikaiwasha televisheni na kuuweka mkono wa kushoto wa koti juu yake. Picha ikapinda, wala hapakuwa na kiganja cha mtu.

"Kumbe koti ndilo mwizi," akasema Fortunata, mwanamke asiyeazimwa ulimi. "Lifungeni kamba."

Nikaichana bitana. Ikadondoka sumaku ya spika, ikang'ang'ania jembe lililokuwa miguuni pangu. Nikawaeleza habari ya elektroni taratibu, Sylvester akiwa bado matopeni. Wazee walipomuuliza ni nani aliyefungua lango, akainamisha kichwa, akakiri.

Walitaka aombe radhi, yaishe. Nikakataa. Nikadai anyimwe zamu kama sisi, hadi mvua za vuli, wakanipa haki yangu.

Jenoveva, mkewe, alikuja kupiga magoti kwangu. Nikaitikia salamu yake, nikamwambia amwombe maji yule aliyeyaiba. Eliufoo naye, aliyerudi kwenye kwaya kichwa juu, alinijia jioni.

"Babu, inatosha."

"Itatosha tangawizi yake itakapofanana na yangu."

Ilifanana. Nilikwenda mwenyewe shambani kwake kuichimbua na kuitazama.

Wajukuu zangu, mnaninong'ona kwamba nina moyo mgumu. Semeni kwa sauti, sitakanusha. Lakini someni sayansi hadi jibu kamili, na anayelichafua jina la wazee wenu msimpigie kelele. Kaeni ubavuni pake mpaka apinde. Nimesema, nami nataka mtii.