Kumi na Tisa wa Barabara ya Beni

Wakati Beni ilipokuwa mikononi mwa waasi, Urbain alikuwa karani katika ofisi ya polisi wa barabara. Kwao ni Kasai, upande wa pili wa Kongo. Serikali ilimtuma huku kabla ya vita, kisha vita vikafunga njia ya kurudi.

Mwaka 2001 ulipokaribia kwisha, barua ikafika kutoka Kampala: kutakuwa na mkutano wa kulinganisha usalama wa barabara za nchi jirani, kila upande ulete hesabu ya watu waliokufa barabarani mwaka huo. Mkubwa wake, Hénock, akamwachia kazi.

Urbain aliifanya kwa moyo. Majalada ya ofisi yalikuwa na vifo kumi na tisa tu, naye aliona wazi kwamba haiwezekani. Akapanda baiskeli, majuma matano, akiuliza wachungaji na waganga toka Mutwanga mpaka Butembo. Mutwanga ndiko alikomkuta Mariette, mjane wa muuza maharagwe aitwaye Éliakim. Éliakim alikuwa amekaa juu ya mizigo ya lori lililotoka Kasindi, mpakani mwa Uganda. Breki zikakatika kwenye mteremko. Watu saba walizikwa siku moja.

"Uandike jina yake muzuri, Papa," Mariette alimwambia. "Hakuna polisi alikuya kutuuliza."

Aliporudi, daftari lilikuwa na majina mia mbili na kumi na mawili. Hénock alilisoma amesimama.

"Uko na wazimu? Sisi tuko na magari kidogo sana. Bakigawa hii hesabu kwa magari yetu, tutakuwa ba mwisho kati ya bote. Unataka batucheke kule Kampala?"

"Mais chef, bale batu balikufa."

"Balikufa ku vita. Siku hizi kila mutu anakufa ku vita. Andika kumi na tisa."

Urbain alikuwa na watoto wanne na hakuwa na mji mwingine wa kukimbilia. Akaandika kumi na tisa. Jioni hiyo hakula.

Baada ya mkutano redio ikatangaza kwamba barabara za Beni na Butembo zimeua watu kumi na tisa tu, wachache kuliko za majirani wote. Mariette alisikia akiwa sokoni. Kesho yake alipanda pikipiki, akaingia ofisini na vumbi usoni.

"Papa Urbain, unisomee bale kumi na tisa."

Akasoma. Akafika mwisho.

"Éliakim hayuko?"

"Hayuko, Mama."

"Donc, ni kusema alifia Uganda?"

Urbain akafunga jalada.

"Basi unipe ile daftari uliandika kwangu."

"Chef aliichoma."

"Na weye ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa. Nilikuwa naangalia."

Mariette akasimama. "Weye ni mubaya kupita ile kamio ilimuua bwana yangu. Kamio haikujua jina yake."

Habari hiyo ilienea makanisani. Mwaka uliofuata, lori likipinduka, watu walibeba maiti zao na kwenda kuzika, hakuna aliyepitia polisi kuandikisha. Barua ya Kampala ilipofika tena, jalada lilikuwa na vifo kumi na kimoja. Hénock akapiga makofi.

"Unaona? Tunaendelea!"

Urbain akachukua kalamu, akaandika kumi na moja.