Vitambaa vya Mama Kalunde

Kama kuna swali ambalo Winfred alilichukia, ni lile wageni walilomuuliza mamake kila walipofika pale nyumbani kwao Kola: "Unanijua mimi ni nani?" Walimshika mkono mama wa watu, wakamsogezea uso, wakangoja. Na Mama Kalunde, aliyefundisha nusu ya wanawake wa kanisa lao kufuma vitambaa, alitabasamu tu mpaka aibu ikamshinda. Watu wazima na akili zao timamu, wanampa mgonjwa mtihani! Siku hizi mlango ukibishwa, alikimbilia kujifungia chumbani.

Winfred mwenyewe hakuwahi kumuuliza. Aliogopa jibu. Miezi mitano ilikuwa imepita tangu mamake amwite kwa jina. Sasa alimwita "sista" na kumshukuru kwa adabu kila akiletewa uji, akidhani ni muuguzi. Winfred alitamani kulisikia jina lake kinywani mwa mamake, hata mara moja tu.

Basi Mama alipokaribia kutimiza miaka sabini na mitano, Winfred akapiga marufuku nyuso. Kila atakayekuja kwenye sherehe aje amejifunika uso, na asiulize swali. Wote wasipojulikana, Mama hatakuwa peke yake asiyejua mtu.

"Na katekista je?" akauliza Kavutha, jirani yao. "Si atasema tumeingiwa na mashetani?"

"Ajifunike pia."

Siku yenyewe, Winfred alimketisha Mama nje na chai yake, akaanza kupamba. Alikunja vitambaa vyote vilivyofunika makochi, meza na televisheni, akavirundika chumbani. Akashusha picha. Akaning'iniza maputo, karatasi za kumetameta, na vinyago vya kadibodi alivyovichora mwenyewe usiku tatu mfululizo. Alipomaliza alisimama katikati ya sebule akajisifu, maana hakukuwa na mwingine wa kumsifu.

Ndipo Mama akatokea mlangoni, asiingie.

"Hodi," akasema. "Wenyewe wako?"

"Ingia, mwaitu, mama yangu. Hapa ni kwako."

"Hapana, sista. Kwangu kuko na vitambaa. Nipeleke nyumbani, jua inaenda."

Ilikuwa saa tano asubuhi. Winfred aliketi kwenye kochi lililo uchi akalia, kwani katika kuficha nyuso za watu alikuwa ameificha na nyumba.

Kavutha si mtu wa kubembeleza. Alianza kuzibandua karatasi moja moja. "Lia ukifanya kazi," alisema. Wakavirudisha vitambaa mahali pake, na picha pia, mpaka Mama akaingia polepole na kukaa pembeni mwa kochi lake. Cha televisheni kilikuwa bado mkononi mwa Kavutha. Akakiweka usoni, akachungulia kupitia matundu ya ufumaji.

"Wini, mimi nakuona vizuri sana. Kwani kadibodi ni ya nini?"

Eneo lile hakuna bibi harusi aliyeolewa bila kupewa kitambaa na Mama Kalunde, kila mmoja na mtindo wake. Kavutha akashika simu, akawaambia wote waje wamejifunga cha kwao usoni.

Saa nane wakaanza kufika. Mutunga, mumewe Kavutha, alikuja na barakoa ya enzi za korona; akarudishwa nyumbani. Wa kwanza kuinama mbele ya Mama alikuwa mwanamke mnene aliyejifunga kitambaa cha rangi ya maziwa. Mama akakigusa, akazipapasa nyuzi kwa kidole gumba.

"Maua sita," akasema. "Hii ni ya Mutheu wa Mwala. Ulinyeshewa siku ya harusi, ukalia."

Mutheu akalia tena, safari hii kwa furaha. Akaja mwingine, na mwingine. Wawili Mama aliwakosea, na mmoja akamsingizia mume asiye wake, lakini hakuna aliyemsahihisha. Alicheka mpaka akakohoa.

Winfred hakuwahi kuolewa, kwa hiyo hakuwa na kitambaa chake. Alijifunga kile cha televisheni, akapiga magoti mbele ya mamake. Mama alikipapasa muda mrefu.

"Hii ni ya televisheni," akasema, na nyumba nzima ikaangua kicheko. "Wewe sikujui. Lakini si kitu, kaa hapa."

Winfred aliinamisha kichwa. Mama akamvuta karibu, akamnong'onezea sikioni, kama mtu anayemsengenyea rafiki.

"Niko na msichana wangu, anaitwa Winfred. Hii kazi yote ni yake. Amesimama tangu asubuhi, hata chai hajakunywa. Ukimwona, mwambie mama yake amesema akae chini."

"Nitamwambia," Winfred akasema, akakaa.