Ukanda Kwenye Paji

Saa tatu asubuhi, mwezi wa Februari, wino wa lebo ya kwanza ulikuwa bado mbichi mezani kwa Régine, huko Oli, pembeni mwa mji wa Arua, Uganda. Lebo ilikuwa ya mvinyo wa maua mekundu ya rozela. Ilionyesha mwanamke akitoka shambani na kikapu mgongoni, ukanda wake umepita kwenye paji la uso, kama wabebavyo wanawake wa Butembo, Kongo, alikozaliwa mchoraji.

Mvinyo ulikuwa wa Lemi, Mkakwa wa Koboko, aliyeutengeneza nyuma ya nyumba ya mama yake. Alikuwa na aina tano: rozela, nanasi, ukwaju, pasheni na asali. Régine ndiye aliyewaza kwamba chupa zikipangwa bega kwa bega, lebo ziunge picha moja: mwanamke yule yule anatoka shambani, anavuka kijito, anapita sokoni, anapanda njia ya nyumbani, na kwenye chupa ya asali anaingia mlangoni. Alipomuuliza Lemi mwanamke huyo awe na sura ya nani, Lemi hakusita.

"Yako. Na mlango iko yetu."

Walikuwa wakipendana tangu mwaka uliotangulia, lakini Régine hakuwa amefika Koboko. Mlango aliuchora kwa kusimuliwa: wa mbao, wa buluu, rangi imebanduka chini. Kahindo, dada yake, aliyekuwa akishona nguo katika chumba hicho hicho, alimtazama akilichora komeo mara ya pili.

"Unajichorea ndoa," alisema, "na mutu hajaleta hata mguu ya mbuzi."

"Ataleta."

"Basi muchore na mbuzi."

Régine alicheka. Mbuzi hakumchora.

Mwezi wa Machi Lemi aliipeleka michoro yote Koboko, mama yake aione. Aliporudi aliketi kwenye benchi la wateja, akazungumza sana juu ya rangi na karatasi kabla ya kulifikia lililomleta. Mama ameipenda michoro. Ila kwao mwanamke habebi kwa paji, hubeba kichwani, na wanunuzi wa Koboko watamwona huyu ni mgeni.

Hoja ilikuwa ya haki. Mvinyo ungeuzwa Koboko. Régine akauhamisha mzigo. Lakini aliyebeba kichwani hainami, kwa hiyo ilibidi ainyooshe shingo, aurudishe mgongo nyuma, aupunguze mwendo. Mwili wote ukabadilika. Aprili likaja suala la kitenge, kwamba hakifungwi vile. Kisha nywele. Kila sababu, ikipimwa peke yake, ilikuwa na uzito. Mwezi wa Mei aliweka mchoro wa kwanza kando ya ule wa mwisho, akaona kwamba mwanamke wa pili hakufanana tena na Régine mwenyewe popote. Lemi alipokuja tena, alimuuliza waziwazi kuna nini.

Lemi akaeleza. Kaka yake mkubwa alioa Mkongo, akamfuata ng'ambo ya mpaka, hakurudi. Baba yao alizikwa bila yeye. Lemi alikuwa hajamwambia mama yake habari za Régine. Alingoja mvinyo uanze kuuzwa kwanza. Mama aliuona ukanda kwenye lebo, akaitazama sura ile mara tano, akaelewa kwamba mwanawe naye amempata Mkongo. Aliyempasha habari alikuwa Régine mwenyewe, kwa kalamu yake.

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilisema nitaomba wewe ubadilishe."

"Nibadilishe nini?"

Lemi aliangalia cherehani ya Kahindo, iliyokuwa imenyamaza.

"Lebo," alisema.

Lebo nne zilichapwa. Juni Lemi alituma kwa simu picha ya Paska, msichana wa Koboko ambaye wazee walikuwa wameshamposa kwa niaba yake. Aliomba lebo ya tano iwe na sura yake, kwa kuwa mvinyo wa asali ndio ungenywewa harusini. Kahindo alimsihi dada yake akatae, amwachie picha bila mwisho wake. Régine alijibu kwamba kazi iliyobaki lebo moja haiachwi njiani. Alimchora Paska vizuri. Ile michoro ya kwanza aliikunja, akaiweka chini ya godoro.

Julai alikwenda Koboko na lebo zote ndani ya kikapu. Alitaka kuzibandika mwenyewe, kwa kuwa Lemi alizoea kubandika mshazari, na picha isingeungana bila kingo kukutana. Lemi hakuwapo. Mama yake alimpokea, akampa kiti na maji, akaketi kumtazama. Régine alibandika chupa baada ya chupa, akalainisha kila lebo kwa kitambaa. Alipomaliza alipanga chupa tano mezani. Mwanamke alitoka shambani, akavuka, akapita, akapanda, akaingia.

Mama Lemi aliiinamia picha.

"Binti, mkono yako iko mzuri," alisema. Kisha akaongeza, "Mimi nilibaki na mtoto moja tu."

"Ndiyo, mama."

Nyuma ya mama, mlango ulikuwa wazi. Ulikuwa wa buluu, umebanduka chini, kama alivyosimuliwa. Komeo lilikuwa kushoto. Kwenye lebo lilikuwa kulia.

Kikapu kilikuwa kitupu. Régine alikitia mgongoni, akaupitisha ukanda kwenye paji la uso, akainama kidogo, akatoka.