Wanasesere wenye Pua ya Mwenyekiti

Saa nne asubuhi, siku ya Jumanne, Ndunge alikuwa akimpandia mwanasesere kope kwa sindano, unywele mmoja baada ya mwingine. Kibanda chake kiko Mwingi, kati ya duka la mitungi ya gesi na kinyozi. Hutengeneza wanasesere wa silikoni, wale wenye ngozi laini kama ya mtoto mchanga, ambao watu wanaofanya kazi ng'ambo huwatumia watoto nyumbani. Joto la Mwingi huwaharibu. Ngozi huanza kunata, vumbi hushika, midomo hupauka. Ndunge huwaosha kwa maji vuguvugu na sabuni, huwakausha kwa taulo bila kuwasugua, kisha huwapaka poda. Mpasuko wa kwapani huuziba kwa gundi ya silikoni akitumia kijiti cha meno. Uso huupaka rangi mwisho, baada ya chai, mkono ukiwa umetulia.

Mwanasesere wa siku hiyo alikuwa wa Sandra, msichana wa miaka saba. Mama yake, Wariara, huuza nafaka karibu na soko la mifugo. Uso wa mwanasesere ulikuwa umefutika kwa kubusiwa. Ndunge akamchora nyusi nyembamba, akamtia wekundu kidogo mashavuni, akamweka dirishani akauke. Alipomgeukia saa sita, pua ilikuwa imepanuka na kuinama upande wa kushoto. Juu ya unyusi kulikuwa na kovu fupi. Mdomo ulikuwa umefunguka kidogo na ndani yake kulikuwa na mwanya.

Ndunge alifuta rangi kwa spiriti, akachora upya. Kufikia saa nane pua ilikuwa imerudi kushoto. Akachora mara ya tatu, na mara hiyo mwanasesere akacheka. Kicheko kilianzia puani, kikashuka kifuani, kikaishia kwa mguu kupiga meza. Ndunge alikijua, kama kila mtu Mwingi anavyokijua. Kilikuwa cha Mzee Musyimi, mfanyabiashara wa mbuzi na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa kanisa.

Wariara alifika alasiri. Alimtazama mwanasesere kwa muda.

"Umemfanya nini?"

"Nimempaka rangi tu, Mama Sandra. Hiyo ingine amejifanyia mwenyewe."

Wariara akambonyeza tumboni. Mwanasesere akacheka. Wariara alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akakalia ndoo. Halafu akapangusa macho kwa pindo la leso.

"Miaka saba sijaambia mtu," alisema. "Hata mama yangu. Musyimi aliniambia nikisema tu, watu wataacha kuchangia kanisa, na hiyo itakuwa juu yangu."

"Na bado hujasema," Ndunge alimjibu. "Ni doli imesema."

Wiki iliyofuata Kaluki, mwalimu wa chekechea huko Tulia, alileta wanasesere wawili, kwa kuwa watoto wake ni pacha. Mmoja alikuwa na shingo iliyochanika, mwingine alikuwa na wino wa kalamu usoni. Ndunge alipaka wino huo krimu ya chunusi, akamwanika juani siku mbili mpaka doa likatoka. Kutoka Kiboko akaja mwanasesere wa nne, amefungwa kwenye katoni ya biskuti, vidole vikiwa vimenyofoka. Ndunge alitumia rangi tofauti kwa kila mmoja, na brashi tofauti. Pua zote zilielekea kushoto. Akawapigia akina mama simu, akawaambia kazi imekwisha, waje Alhamisi.

Walikuja na watoto. Kwa dakika chache watoto walisimama wakitazamana. Kisha pacha mmoja akatoa rula kwenye mkoba akampima Sandra pua. Mvulana wa Kiboko, aliyekuwa na miaka mitano, akafungua mdomo ili mwanya wake uonekane. Nao wakafungua yao. Sandra ndiye aliyeanza kucheka, kutoka puani, na alipofika mwisho akapiga mguu chini. Wengine watatu wakapiga mguu. Wanasesere wanne wakapiga meza. Mteja wa kinyozi akacheka akiwa amenyolewa nusu ya kichwa. Kwenye duka la gesi watu waliweka mitungi chini wakashikana mabega. Madereva wawili wa malori ya Garissa waliegesha, wakacheka robo saa nzima kando ya barabara, wakaendelea na safari.

Muthoki, mke wa Mzee Musyimi, alikuwa akipita kutoka sokoni na mfuko wa mahindi. Aliingia, akawatazama wanasesere mmoja mmoja, kisha watoto kwa mpangilio huohuo.

"Pua umeipatia," alimwambia Ndunge.

Akainua mfuko wake, akaenda nyumbani kuinjika isyo, mahindi kwa maharagwe. Mumewe alipouliza chakula, alimwambia anatakikana kwa fundi wa doli.

Mzee Musyimi alifika akiwa ameshika kofia mkononi. Wanasesere walipomwona walicheka. Naye akacheka, kwa sababu ni mtu wa kucheka, na watoto wakacheka, na kwa muda haikuwezekana kujua kicheko kipi kilikuwa cha nani. Wariara alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani. Kicheko kilipoisha alinyoosha kola, akangoja.

Mzee akamsogelea Ndunge. "Unaweza kutoa hii sura?"

"Sura imekataa, Mzee. Naweza kuziba hiyo alama peke yake."

"Basi ziba."

Ndunge akachovya kijiti kwenye gundi, akajaza kovu la mwanasesere wa kwanza, akalisawazisha kwa kidole kilicholowa, akapaka poda. Kovu la Mzee Musyimi, alilopigwa na pembe ya beberu miaka mingi iliyopita, nalo likaziba. Akajitazama kwenye kioo cha kinyozi, upande huu na upande ule. Alionekana kijana.

"Kazi safi," alisema.

Sandra alimvuta koti. "Wewe ni nani wetu?"

Kinyozi akazima mashine. Kaluki akashika mikono ya pacha wake. Mzee Musyimi aliwatazama wale watoto wanne, akatazama mlango, akavaa kofia.

"Mimi ni mwenyekiti," alisema.

"Sawa, mwenyekiti," watoto walijibu pamoja, kama darasani.

Akawapa mkono mmoja mmoja, wanasesere pia, akaondoka.

Wariara aliwapeleka watoto wote kula chapati na maharagwe. Walicheka mpaka mhudumu, ambaye huimba kwaya kanisani, akawaongezea mchuzi bila kuombwa.

"Wote ni wa mama mmoja?" aliuliza.

"La," Wariara alisema. "Ni wa mwenyekiti."

"Nimeona," mhudumu alisema, akaleta kiti kingine.

Jumapili, mchungaji alimshukuru Mzee Musyimi kwa kazi ya ujenzi, akataja kwamba Bwana amemrudishia ujana hata usoni. Akaomba familia ya mwenyekiti isimame waumini waione. Muthoki akasimama. Katika safu ya tano Sandra akainuka, mwanasesere kifuani. Mama yake akamshika pindo la gauni, akamkalisha polepole. Waumini walipiga makofi kwa muda mrefu, na Sandra, akiwa amekaa, akapiga pamoja nao.