Ukoo Usio na Mkubwa

Mimi ni mwalimu, na mwalimu hasemi "sijui." Miaka kumi na moja nimesimama mbele ya watoto wa Riruta nikifundisha hesabu, na neno hilo halijawahi kunitoka. Mtoto akiniuliza jambo nisilolijua, namwambia, "Swali zuri sana, nenda ukalitafute, kesho utatueleza." Kisha nakimbia kulitafuta kabla yake. Msinicheke, hata nyinyi mna zenu.

Ndiyo maana mwaka jana nilipofeli nadharia ya vipimo, nilikasirika kama mtu aliyeibiwa mchana. Nilikuwa nasomea shahada ya pili ya hesabu chuoni, pale mjini, Jumamosi na jioni baada ya kazi. Ukifeli somo mara moja, unarudia. Ukifeli mara ya pili, unafunga vitabu na kurudi nyumbani, na shahada umeiaga. Shule nzima ilijua nasoma. Wenzangu walikuwa wameshaanza kuniita Profesa, na wewe unajua jina kama hilo linavyogeuka siku ukianguka.

Kurudia somo la Daktari Vidhi hakukuwa kwa karatasi. Kulikuwa kwa ubao. Unaingia peke yako, huna kitabu, huna simu, una chaki tu. Yeye anakaa nyuma na mtahini mwingine. Kila mstari unaoandika, anauliza neno lile lile: "Kwa nini?" Ukikosa jibu mstari mmoja, umekwisha.

Daktari Vidhi mwenyewe ni mama mfupi wa miaka sitini na kitu, mzaliwa wa hapa hapa Nairobi. Kwao walikuwa na duka la vitambaa mjini, na katika ndugu watano ni yeye pekee aliyekataa kusimama kaunta. Anavaa sari na raba za kukimbilia. Kiswahili chake ni cha Nairobi kabisa, kitu inaenda, kitu inakuja, hajali. Lakini ukikosea koma kwenye hesabu yake, mama yangu wee!

Sasa niwaeleze kilichoniangusha, na msiogope, mtaelewa. Nimewaelewesha watoto mambo magumu zaidi ya haya, tena saa sita wakiwa na njaa.

Chukua mstari, uanze sifuri uishie moja. Umejaa namba, kila nukta ni namba. Sasa tuzigawe namba hizo kwa koo. Namba mbili ni za ukoo mmoja kama tofauti yao ni sehemu ya kawaida: nusu, robo, saba kwa tisa. Kwa hiyo sehemu zote ni ukoo mmoja. Zile namba nyingine, zenye desimali zisizokoma wala kujirudia, zina koo zao, na koo hizo ni nyingi kiasi kwamba ungeishi milele ukizihesabu bila kupumua na usizimalize. Haya. Kila ukoo utoe mjumbe mmoja. Wajumbe wote wakae pamoja, tuwaite baraza. Swali ni hili: baraza hilo, ukilipima pale kwenye mstari, lina urefu gani?

Siku ya kwanza Daktari Vidhi alipotutajia baraza hilo, aliweka chaki chini akatutazama. "Hii kitu haina urefu," akasema. "Si ati urefu ni sifuri. Si ati ni kubwa sana. Haina. Hakuna namba unaweza kuipatia." Nywele zilinisimama. Tangu utotoni nilijua kila kitu kinapimika, hata kama huna rula ya kutosha. Siku hiyo nilitoka darasani nikaliangalia jiji, maghorofa na watu, nikajiuliza kama kweli nalijua.

Lakini kwenye mtihani nilianguka hapo hapo. Mimi ni Mkamba. Ukiniambia ukoo utoe mtu wa kuusemea, sijiulizi mara mbili: ni mkubwa wao. Kwetu hakuna kikao kinachoanza kabla ya mkubwa kuketi. Kwa hiyo niliandika, tena kwa mwandiko mzuri, "Tuchukue mkubwa wa kila ukoo." Na si kwamba sikupima kwanza. Niliuangalia ukoo wa sehemu, nikaona moja ameketi pale juu, mkubwa wao wote, nikaridhika. Nikadhani koo zote zimeumbwa vile.

Karatasi iliporudi, Daktari alikuwa ameandika kando kwa wino mwekundu, "Nani huyo?" Basi. Maneno mawili, na alama thelathini na nane.

Niliyatazama maneno hayo siku tatu kabla ya kuona. Shika yeyote katika ukoo mwingine wowote. Muongezee sehemu ndogo tu, moja kwa elfu, au moja kwa milioni ukitaka ndogo zaidi. Umepata kaka yake, na bado yuko chini ya moja. Na huyo kaka ana kaka. Na huyo naye. Hawaishi! Ukoo mzima hauna mkubwa, na koo zote ziko hivyo isipokuwa ule mmoja nilioupima. Nilishika meza ya staffroom kwa mikono miwili. Mwenzangu akaniuliza kama nimekula.

Sawa, nikamwambia Daktari, kama hakuna mkubwa, mjumbe anachaguliwa vipi? Akaniambia kuna kanuni ya kuchagua. Kanuni inasema uchaguzi upo, unaweza kutoa mmoja kutoka kila ukoo.

"Kwa njia gani?"

"Haisemi."

Nilikataa. Miezi mitano nilitafuta njia. Nilijaza daftari tatu. Mwanamke huyu ananiuliza "kwa nini" kila mstari, halafu mimi nisimame mbele yake niseme "tunachagua tu"? Labda amenitegea mtego, nikafikiri. Ningepata sababu hata kama ingenitoa macho.

Wiki mbili kabla ya ubao, Jumapili baada ya ibada, ukoo wetu ulikutana Riruta katika ukumbi ulio nyuma ya hardware. Binamu yangu Stacy alikuwa anaolewa, na kina mume walikuwa wanakuja kuleta mbuzi wa ntheo, ile siku ambayo kwetu msichana anahesabika ameolewa. Tulihitaji mtu wa kuwapokea na kuusemea ukoo. Mkubwa wetu alikuwa amefariki mwaka uliopita. Waliobaki juu ni wazee wawili, Mzee Nzau na Mzee Kiilu, na kila mmoja alisema yeye ndiye mkubwa.

"Leta kitambulisho," akasema Nzau.

Vikaletwa. Vyote viwili tarehe mosi Januari, mwaka mmoja, maana wakati wao karani alimwandikia hivyo kila asiyejua siku aliyozaliwa. Kiilu akasema yeye alizaliwa wakati wa njaa. Nzau akasema njaa ile ilikuwa ndefu, hata yeye alizaliwa ndani yake. Walishindana saa mbili nzima. Chai ikapoa. Stacy alianza kulia pale kwenye kona, akisema wageni watafika wakute hatuna msemaji, na hiyo ni aibu ya kukufuata mpaka uzeeni.

Ndipo shangazi yangu Kaindi, dada ya baba, aliyeacha shule darasa la tatu na hajawahi kumwogopa mtu, alipoinuka.

"Mnatafuta mkubwa," akasema. "Mkubwa hayuko. Mtamtafuta mpaka msichana azeeke." Akageuka, akamnyooshea kidole binamu yangu Masila, aliyekuwa anakula mandazi. "Wewe. Simama. Utasema."

Masila nusura apaliwe. "Mimi? Kwa nini mimi, shangazi?"

"Hakuna kwa nini. Lazima awe mtu. Wewe ni mtu."

Nzau akamtazama Kiilu. Kiilu akaitikia kwa kichwa, Nzau naye akaitikia, na mambo yakaisha hivyo. Mimi nilikuwa nimesimama na birika mkononi, chai inamwagika juu ya kiatu, sisikii. Hakuna kwa nini! Uchaguzi ulikuwa umefanyika mbele ya macho yangu, halali kabisa, hauna sababu, na hakuna mtu angeweza kuutabiri. Nilitaka kumkumbatia shangazi. Badala yake nikamwambia, "Shangazi, wewe ni mwanahesabu." Akaniuliza kama nimerogwa.

Siku ya ubao niliingia chumba cha ghorofa ya tatu saa nne asubuhi. Daktari Vidhi alikaa nyuma, na mtahini wa pili, mwanamume mkimya mwenye faili, kando yake. Nilichukua chaki.

Niliandika koo. "Kwa nini namba haiwezi kuwa ya koo mbili?" Nikajibu. Niliandika kwamba kila ukoo unatoa mjumbe mmoja.

"Kwa nini? Nani anachagua?"

"Hakuna anayechagua, na hakuna njia," nikasema. "Kanuni inasema uchaguzi upo. Hapa ndipo pekee kwenye ubao huu pasipo na kwa nini nyingine, Daktari."

Nikaendelea. Chukua baraza, lisogeze kando kwa nusu, halafu kwa robo, kwa kila sehemu iliyo kati ya moja hasi na moja. Nakala hizo hazigongani hata nukta moja, na urefu wake ni ule ule, maana kusogeza kitu hakukirefushi. Zikiwa pamoja zinafunika mstari wote wa sifuri hadi moja, na bado zinaenea ndani ya mstari wa urefu wa tatu. Basi tujaribu. Tuseme baraza lina urefu sifuri: sifuri ukiijumlisha mara zote hizo ni sifuri, nayo haiwezi kufunika mstari wenye urefu wa moja. Tuseme lina urefu kidogo tu, hata unywele: unywele ukiujumlisha bila kikomo hautoshi ndani ya tatu, hautoshi hata ndani ya dunia. Si sifuri. Si zaidi ya sifuri.

Nikageuka. "Halina urefu," nikasema, na safari hii sikuwa nimeambiwa na mtu. Nililiona mwenyewe. Lilikuwa pale kwenye mstari mfupi wa chaki ambao hata mtoto angeweza kuuchora, kitu ambacho hakuna rula itakigusa, na kilikuwa pale muda wote nilipokuwa nafundisha watoto kupima penseli. Machozi yalinitoka. Niliyapangusa kwa mkono wenye chaki, yakazidi.

Daktari Vidhi akainuka, akaja mpaka ubaoni na raba zake. Akaweka kidole katikati ya mstari wangu.

"Hii nusu," akasema. "Iko ndani ya baraza yako, ama iko nje?"

Nikajua hapo ndipo nitakapopita au nitakapoaga. Nilihisi jibu likipanda mdomoni, lile la mwalimu. Ndani. Sema ndani, sababu utaipata njiani. Nje. Sema chochote, Kasyoka, mtahini anakuangalia, faili iko wazi! Miaka kumi na moja ilikuwa inanisukuma mgongoni.

"Sijui," nikasema.

"Ati?"

"Sijui, Daktari. Najua mmoja wa ukoo wake yuko ndani. Kama ni nusu au ni nduguye, hakuna kinachoniambia. Na kwa heshima zote, hata wewe hujui."

Mtahini akakohoa. Daktari Vidhi akavua miwani akaifuta kwa ncha ya sari.

"Miaka ishirini na tisa nauliza hiyo swali," akasema. "Watu wananiambia ndani, wananiambia nje. Mmoja alinichorea picha." Akarudisha miwani. "Mimi sijui, Kasyoka. Kila mwaka naiandika hapa, na kila mwaka naiogopa. Wewe unaiogopa?"

"Sana."

"Basi umepita."

Nilishuka ngazi sijui vipi. Nje jua lilikuwa kali na mji unaendelea na shughuli zake. Nikasimama kando ya ukuta nikampigia shangazi Kaindi, maana ndiye niliyetaka ajue kwanza.

"Shangazi, nimepita!"

Akapiga vigelegele mpaka nikaondoa simu sikioni. Akamshukuru Mungu, akawataja marehemu wote. Kisha akauliza, "Walikuuliza nini mwisho?"

"Waliniuliza kitu, nikasema sijui."

"Wakakupitisha?"

"Wakanipitisha. Hata mwalimu wangu alisema hajui."

Sauti yake ikawa ndogo, si ile ya ukumbini.

"Kasyoka," akasema, "na mimi nilifikiri hilo neno ni letu sisi tusiosoma."

Nilitafuta la kumjibu. Sikulipata, na safari hii nilimwambia hivyo.